Daftari la Harufu

...na sasa wote wawili, mama na mwanawe, wamesimama nyuma ya gari wanamsubiri avute pumzi, kana kwamba kuvuta pumzi ni kazi ya kuombwa, hata paka anaifanya usingizini, na yeye fundi ameinamia ndani ya buti, kichwa na mabega vimo humo, kiganja kimoja kimelala juu ya bati la tangi, kingine kimeshika ukingo, na pete ya funguo imening'inia kwenye kidole chake kidogo inagongagonga, ngri, ngri, ngri, tulia wewe mkono, utaniumbua, "Haya fundi," mtoto wa huyu mama wanayemwita Mwalimu alikuwa ameuliza, sekunde kumi zilizopita au dakika nzima, nani anajua, "unaisikia hiyo petroli au huisikii?" swali la ndiyo au hapana, halina hata kona, na anayeulizwa ni Pua, si mtu mwingine, Pua ambaye jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu, Pua aliyekuwa akisimama hatua tatu kutoka kwenye gari lililofungwa boneti na kusema hili linakula oili, lile breki zinaungua, na hilo la mwisho mwenyewe kagombana na mkewe maana amelala humo garini, na kweli alikuwa amelala humo, gereji nzima ilishika mbavu, mwenye gari akacheka kwa aibu na kesho yake akaleta gari la shemeji yake... na pua hiyo hiyo sasa imevuta pumzi, imevuta tena, imevuta mpaka kifua kimejaa na vifungo vya ovaroli vimekaza, na imeleta nini, haijaleta kitu, hewa ya uvuguvugu tu, haina habari yoyote, kama kufungua bahasha ukakuta karatasi nyeupe.

Mwaka na miezi minane, anahesabu kila mwezi kama mfungwa, mwaka na miezi minane tangu ile homa iliyomlaza wiki nzima, siku ya nane akaamka mzima, akaoga, mkewe akamletea chai, akanywa funda moja akauliza mbona leo umeniletea maji ya moto, mkewe akacheka akidhani ni utani wa mgonjwa aliyepona, naye akacheka pia ili mambo yaishe, na hapo ndipo alipoanza, hapo hapo kitandani, uongo wa kwanza ulikuwa kicheko, halafu ukaja wa pili na wa tatu, akazoea, mbona ulikuwa rahisi, anafungua boneti, anafumba macho, anasema "mmh," na hakuna mwenye gari anayeweza kustahimili ile "mmh", lazima aijaze mwenyewe, "Inanuka kuungua, eh, Pua?" "Kuungua huko," "Kama mpira hivi?" "Mpira, ndiyo," na mtu anaondoka anawaambia wenzake ile pua ni ya ajabu, kumbe fundi wa siku hiyo alikuwa mwenye gari mwenyewe, na plagi anaziangalia rangi, oili anaisugua vidoleni, maji ya rejeta anayatazama povu, kazi inakwenda, kazi haijawahi kumshinda, hilo Mungu ni shahidi, mafundi wangapi wazuri mjini humu hawana pua ya maajabu, angesema tu, jamani, homa iliondoka na pua yangu, wangemcheka siku mbili, ya tatu wangemtafutia jina jingine, ya nne wangesahau, lakini ni nani apendaye kuanza kuitwa jina jingine akiwa na miaka hamsini na sita... "Mpe nafasi, asikimbizwe," Mwalimu anasema huko nyuma, taratibu, kwa ile sauti yake ya mtu aliyesubiri majibu ya watoto wagumu miaka arobaini, "harufu inataka utulivu," na yeye ndani ya buti anafumba macho, anajua macho hayahusiki lakini anayafumba, heshima ya mwisho kwa mwanamke huyu ni walau kuigiza vizuri.

"Mama, gereji yote hii inanuka petroli," mwana anasema, "hata mimi naisikia, tatizo ni kama iko ndani ya gari," na hana kosa, ana tai, ana saa, ameomba ruhusa kazini asubuhi hii, mtu anayempenda mamake kwa haraka haraka, "si tulikubaliana? Pua akisema haipo, haipo, funguo unanipa, na Jumamosi tunahamisha vitu," na Mwalimu akajibu, "Tulikubaliana," akaongeza, "Fundi ndiye ajuaye," na neno hilo limemwingia Pua kupitia mgongoni, maana mgongo wake ndio uliowaelekea, kile chumba cha nyuma nyumbani kwa mwana anakijua, alikwenda kupachika taa huko mwaka juzi, chumba safi, kina dirisha, na mlango ambao komeo lake la ndani wamelitoa, "Afadhali asijifungie," mke wa mwana alisema jana kwenye simu, "na jiko pia tutamwambia asiguse, si umeona mwenyewe fundi, mtu anayeandika harufu kwenye daftari," na Pua akasema ndiyo, ndiyo, ni vizuri kuwa waangalifu, alisema hivyo, kwa mdomo wake huu, yeye ambaye jikoni kwake... usilifikirie hilo la jikoni sasa, lakini ndilo hilo limeshaingia, halibishi hodi, siku mkewe aliporudi kutoka dukani akamkuta amekaa jikoni anasoma gazeti na gesi imeachwa wazi inapumua, "Wewe! Baba wewe! Husikii gesi yote hii, unataka tufe?" naye bila kupepesa akasema nimeisikia, ndiyo maana nikafungua dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa, wote wawili waligeuka wakalitazama lile dirisha lililofungwa, mkewe alikwenda akalifungua, akarudi akamwaga mchele kwenye sinia akaanza kuchagua mawe, na tangu siku hiyo maziwa hayafiki mezani kabla hayajapita puani kwa mkewe, amegeukia ukutani kama anayepangusa kikombe, anajua, anajua kabisa, hajamwambia hata mama yake mzazi, amemsitiri mumewe mwaka na miezi minane bila kudai shukrani, na yeye aliyesitiriwa hivyo alikwenda akamfanyia nini mama wa watu.

Alimfanyia hivi. Mara ya kwanza kwa ajili ya hii harufu alikuja peke yake, akaliegesha gari kwa utaratibu pale kwenye alama ya rangi, gari la marehemu mumewe, la rangi ya maziwa, usukani mwembamba, viti vya ngozi vilivyoshonwa upya mara mbili, gari lenye umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kwanza, ndilo lililompeleka hospitali kumzaa huyu mwenye tai, na gari lenyewe safi, hata kwenye ukaguzi wa mwaka walipoingiza ule mrija wao kwenye ekzosi mashine ilisema moshi hauna neno, "Fundi," akasema, "humu ndani kunanuka petroli, nikiendesha dakika ishirini kichwa kinaniuma, nasikia kutapika," na Pua akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi yake ya bure, akasema, "Mwalimu, hamna kitu, ni huyu mpiga rangi hapa jirani, thina yake inakufuata mpaka nyumbani," mpiga rangi akainua mkono kule kwenye mlango aliokuwa akiusugua, akakiri kosa lisilo lake, wakacheka. Mara ya pili alikuja na daftari, la shule, lenye mistari, jalada limefunikwa na karatasi ya gazeti, humo ndani amepiga safu kwa rula, tarehe, saa, jua, mafuta yaliyomo, na safu ya mwisho harufu, na harufu ameipa alama, sita kwa kumi, nane kwa kumi, mbili kwa kumi, hata nyekundu ametumia, na Pua alipoiona kalamu nyekundu ile kitu kilimpanda, sijui ni nini, woga huo, usiuite jina jingine, woga wa mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho angepaswa kukiona yeye, akalichukua daftari akamsomea mpiga rangi na mchomea vyuma kwa sauti kubwa, "Alhamisi, tisa kwa kumi, hongera sana petroli, umefaulu kwenda sekondari!" mchomea vyuma akavua miwani yake myeusi ili acheke vizuri, na angeishia hapo ingekuwa utani tu, watu hutaniana, lakini hakuishia hapo, akamrudishia daftari akasema, kwa upole, ule upole ndio unaomchoma mpaka leo, "Mwalimu, tusamehane, ila pua ya mtu ikishazeeka huanza kusikia vitu visivyokuwepo."

Aliyasema hayo. Pua yako mwenyewe imekufa, unachukua maiti yako unaizika shambani kwa mwenzako, na Mwalimu alilifunga lile daftari, akafuta alama ya kidole cha oili pale kwenye gazeti, akasema, "Kumbe. Asante, fundi," akakaa kitini, akafunga mkanda, akakosa gia ya kurudi nyuma mara moja, yeye ambaye hakosi, akaondoka, na jioni hiyo hiyo Pua kwa moyo wake mwema akampigia mwana simu, muangalieni mama, si kwa ubaya... ngri, ngri, mkono huu, "Fundi vipi, umelala humo?" mwana anatania, sauti yake ina haraka lakini pia ina kitu kingine, kitu kama maombi, anaombea jibu gani huyu, pengine hata yeye hajui, na Pua anataka kusema subiri, kijana, subiri kidogo, kuna kitu nimekisikia, kwa masikio lakini, masikio bado yapo, dakika tatu zilizopita alipofungua kifuniko cha tangi kwa ule ufunguo mdogo, kilipozunguka nusu tu, tangi lilitoa fuuuuu, ndefu, ya mtu mnene anayelegeza mkanda baada ya karamu, na mgongo wake ulisisimka wote kabla kichwa hakijaelewa, maana tangi la mafuta halitakiwi kukusanya pumzi kiasi hicho, tangi linatakiwa kupumua, jua likilipiga petroli humo ndani inatoa mvuke, mvuke unataka njia, na waliolitengeneza gari hili hawakuwa wajinga, waliupa njia, mpira mwembamba unaotoka juu ya tangi, unapita chini ya gari mpaka mbele, unaingia kwenye kopo jeusi lililojaa mkaa, mkaa unaunywa mvuke usiku na mchana, injini ikiwaka inaunyonya kutoka kwenye mkaa inauchoma, hakuna kinachonuka, hakuna kinachopotea, kazi ya akili kabisa, na kopo hilo liko wapi leo, basi asijifanye hajui, chini ya kwapa lake anaiona meza yake ya kazi na kopo liko pale, limekatwa kichwa, limejaa bisibisi na miswaki mikuukuu ya kusugulia plagi.

Alilitoa yeye. Marehemu alikuwa hai bado, alikuwa amesimama hapo hapo anaposimama mkewe sasa, mikono nyuma, akauliza, "Hicho kidude kina kazi gani, fundi?" na Pua akacheka kicheko cha wajuzi, "Hakina kazi, mzee, mapambo tu haya ya huko kilikotengenezwa, kwetu sisi mkaa ni wa jikoni," na wote walikuwa wakifanya hivyo, kila gereji, ukikuta kitu hukijui kazi yake unakitoa, gari likiendelea kuwaka basi hakikuwa na kazi, ndivyo walivyofundishwa na waliowafundisha, akaumwaga mkaa kwenye mtaro, ule mpira unaotoka kwenye tangi akauziba kwa bolti namba kumi, akaukaza kwa klipu, safi, alijipongeza kwa jinsi alivyoukaza, na gari likaenda miaka mitano bila neno, kwa nini, kwa sababu kifuniko cha zamani cha tangi kilikuwa kimelegea, tangi maskini lilikuwa linaiba pumzi hapo, mpaka mwaka jana Mwalimu alipotaka kifuniko cha kufunga kwa ufunguo, na Pua akamfungia kipya chenye mpira mnene, akakigonga gonga kwa kiganja akajigamba, "Hiki sasa, Mwalimu, hata mvuke hautoki." Hata mvuke hautoki! Alisema! Mtu anaweza kutamka shitaka lake mwenyewe huku anatabasamu, na ukurasa wa kwanza wa daftari, mstari wa kwanza, sasa anauona kama umebandikwa kwenye bati hili mbele ya macho yake, kwa mwandiko ule wa ubaoni, siku ya tatu tangu kifuniko kipya, jua kali, tangi limejaa, saa nane mchana, harufu nane kwa kumi, na chini yake, asubuhi, tangi nusu, mawingu, harufu mbili, na ukurasa wa pili, gari limezimika njiani baada ya nusu saa, nilipofungua kifuniko lilipumua, likawaka, na hapo ndipo alipocheka kuliko pote, eti likapumua, gari la Mwalimu lina mapafu, naye alikuwa amekwisha kusafisha kabureta mara tatu na kubadilisha pampu ya mafuta kwa ajili ya kuzimika huko huko, tangi lilikuwa limefungwa pande zote, petroli inatoka na hewa haiingii, linajinyonya mpaka injini inakosa mafuta, jibu lilikuwa limeandikwa kwa wino, limepigiwa mstari kwa rula, kila dalili, kila saa, mwanamke mwenye miaka sabini na mbili alifanya kazi ya fundi hatua kwa hatua bila spana, na fundi akalisoma kwa sauti ili watu wacheke.

Na vidole, vidole vyake vya mkono wa kushoto vimekuwa vikitembea vyenyewe wakati wote huu, vimepita nyuma ya zulia la buti, vimeufikia mpira mnene wa shingo ya tangi, ule unaoyapokea mafuta yanapomiminwa, vimezunguka upande wa chini usioonekana na hapo vimesimama, ufa, mrefu kama ukucha, kingo zake zimekauka lakini katikati una unyevu, ubaridi, ule ubaridi wa petroli inapoondoka kwenye ngozi, basi ni hapa, mvuke ulipokosa njia kote ulitafuta palipochoka, umekuwa ukiusukuma ufa na kutokea hapa, na tangi likijinyonya ufa unajibana, ukipita nyuma ya kiti, ukimfikia shingoni akiwa anaendesha zake kwenda kwa dada yake, na macho ya Pua yanawasha, yanatoa machozi, macho hayana habari na jina lake mjini, yanalia petroli yakiisikia, au hata si petroli, ayaache yalie... lakini afadhali, moyo unasema, afadhali sasa, umelipata, umeokoka, inua kichwa useme "Ndiyo, naisikia," neno moja tu, Pua ameisikia, mwana atashangaa, Mwalimu atabaki na funguo zake na nyumba yake na komeo lake, utabadilisha mpira, utatoa ile bolti kimya kimya ukiwa chini ya gari, utatafuta kopo lingine la mkaa, nani atajua, na jina litakuwa limepanda juu zaidi, watasema mashine hazikuona, Pua akainama mara moja akaona, na huo si uongo mkubwa, ni uongo wa kuokoa mtu, mdomo umeshaanza kujikunja, nd-, na hapo anamsikia Mwalimu kabla hata hajasema, anamsikia kama atakavyosema, "Asante, fundi," vile vile kama siku ile, ataishukuru pua hii, ataishukuru mbele ya mwanawe, na akisema ndiyo leo, basi daftari litakuwa nini, mwana atasema haya, leo imeanza kweli, ila zile za zamani mama ulikuwa unajisikilizia tu, maana Pua aliulizwa mara mbili akasema hamna, na Pua hakosei, kwa hiyo zile kurasa zote, alama zote nyekundu, zitabaki kichekesho cha gereji, na siku nyingine akisema nasikia moshi, nasikia mtu mlangoni, nasikia kifua kinanibana, nani atamsikiliza, wataangaliana tu.

"Mama, naona jibu tumeshalipata," mwana anasema, na viatu vyake vinasogea hatua moja kwenye sakafu, kokoto inalia chini ya soli, mpiga rangi kule amesimamisha msasa wake, mchomea vyuma naye ameinua miwani yake, wote wale waliocheka wapo, haijapungua hata nafsi moja, ingekuwa vizuri kama wangekuwa wamekwenda kunywa chai lakini hawakwenda, na labda ndivyo inavyotakiwa, uliyoyasema mbele yao uyameze mbele yao, na anamfikiria mkewe na kile kikombe asichokipangusa, na ghafla anaona amechoka, si uchovu wa mgongo, amechoka kulinda kitu ambacho hakipo, mwaka na miezi minane analinda mlango wa chumba kitupu, na aibu aliyoikimbia muda wote huo imekaa tu hapo pembeni inamsubiri kwa adabu, wala si kubwa kuliko hii aliyonayo, hii ya mtu mwingine kubeba mzigo wako huku anakushukuru, kidole kiko bado kwenye ufa, pete ya funguo haigongi tena, ametambua sasa hivi, imetulia.

"Sisikii," anasema, kichwa kikiwa bado ndani ya buti, na sauti inamrudia kutoka kwenye bati, nzito kuliko alivyotaka.

"Umeona, mama?" mwana anasema, na anashusha pumzi, na Pua anaiona kwa jicho la pembeni mikono ya Mwalimu, vile vidole vyembamba vinalikunja daftari katikati polepole, kulipeleka kwenye mkoba, wala habishi, alikubali na yeye ni mtu wa neno lake, na mkono wa mwana umeshanyooshwa kuzifuata funguo, ukucha wake umesafishwa vizuri, unasubiri.

"Sikiliza, kijana, sijamaliza," Pua anasema, naye anakunja kidole chake kidogo, funguo zinaingia ndani ya ngumi, "mimi sisikii kitu. Sisikii petroli, sisikii rangi ya huyu bwana hapa, sisikii hata chai ya mke wangu. Mwaka na miezi minane sasa. Pua yangu ilikufa na homa, nikaona haya kusema, nikasema ya mama yako ndiyo mbovu." Hakuna anayecheka, na hilo ni gumu kuliko kama wangecheka, lakini anaendelea kuinama, anaendelea kuongea na bati, akigeuka sasa hivi hatamaliza. "Petroli inatoka. Imekuwa ikitoka tangu siku ile ile aliyoiandika, na aliyeifungia njia ni mimi. Mwalimu," na hapo ananyoosha mkono nyuma bila kuangalia na kuifungua ngumi, funguo ziko kiganjani, upande wa mama, "chukua funguo zako. Halafu uje hapa karibu, uniambie umeisikia kali zaidi upande gani. Na daftari njoo nalo."